Profesa Fyeka Aenda Ilagala

Mimi ni dada yake mkubwa, nimembeba mgongoni, kwa hiyo nina haki ya kumsema. Profesa Feliksi, huyo mnayemwona pichani na joho lake, kazi yake yote Dar es Salaam ilikuwa kuwafundisha wanafunzi wa sheria kuandika. Eti mtu anafika chuo kikuu hajui kuandika! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini wanafunzi walimwogopa. Walimwita Profesa Fyeka, maana ukimpelekea karatasi yenye "kwa heshima na taadhima" na "husika na kichwa cha habari hapo juu", anafyeka yote kwa wino mwekundu. Pembeni anaandika: "Unataka nini? Sema hicho kwanza."

Miaka ile ya wakimbizi alikuwa akija likizo kwetu Ujiji, na badala ya kupumzika anashinda kambini akiwaandikia watu maombi yao. Bure kabisa. Kwa hilo nilimpenda, nikawa namkaangia samaki wa ziwani, migebuka, kwa mkono wangu. Huko kambini ndiko alikokutana na Candide.

Candide alivuka ziwa kutoka Burundi na binti yake mdogo, Aurore. Waliposhuka Ilagala alikuwa hoi kwa homa, akabebwa hospitali hajitambui. Mtoto akabaki mikononi mwa Leonia, mke wa mvuvi aitwaye Martini. Candide alipopona alipelekwa kambini, na miaka ikapita kabla hajapata habari kwamba mwanawe yu hai na anatunzwa vizuri. Leonia na Martini hawakuwa wamejaliwa mtoto. Sasa Candide alimtaka binti yake, na hakuwa na kingine duniani.

Feliksi akamwandikia barua ya kwenda kwa Martini. Fupi, safi, kama anavyofundisha: naomba mtoto wangu Aurore arudishwe, sheria inanipa haki hiyo, nitakuja kumchukua Jumamosi. Candide akaweka dole gumba, ingawa uso wake haukutulia.

Barua ilirudi na mwenye boti, imesomwa na kukunjwa tena. Martini alituma maneno ya mdomo: "Mwambieni aliyeandika aje na polisi. Hata salamu hakuona haja!"

Nilimgeukia ndugu yangu. "We Feliksi! Umelelewa na mama yetu au na mashine? Sisi Waha, mtu akienda kuomba jembe tu, anaanza na habari za ng'ombe wa babu wa mwenye jembe. Wewe unaomba mtoto kama unaomba kiberiti!"

"Tukienda mahakamani tunashinda," akasema.

Candide, aliyekuja kusikia jibu, alikuwa analia. "Nikishinda hivyo, Profesa, mtoto atanichukia."

Usiku huo Feliksi hakukigusa chakula changu, na hilo halijawahi kutokea.

Jumamosi tulipanda boti sote watatu, na sukari na kitenge cha Leonia. Candide alibaki nje, kwenye kivuli cha nyumba. Ndani, Martini alikuwa amenuna kwelikweli. Feliksi akavua viatu, akasalimu kwa Kiha, "Mwakeye," kisha akaanza. Haki ya Mungu, sijawahi kusikia! Aliuliza habari za nyavu, za mihogo, za marehemu baba yake Martini. Akaja kwenye ziwa, mawimbi, watu wanavyoshuka wamelowa. Akasimulia mama mgonjwa aliyebebwa bila kujua mwanawe yuko wapi, na mwanamke wa ufukweni aliyefungua kanga yake akamfunika mtoto wa mtu asiyemjua. Chai ikapoa. Martini akaanza kuitikia "mm, mm." Yule bwana wa kufyeka maneno hakuacha hata moja, na mimi dada mtu nilikuwa najifuta machozi kwa mtandio. Nilijivuna!

Alipomaliza, Leonia akauliza, "Sasa mbona husemi ulichokuja kuomba?"

"Mama, sikuja kuomba. Nimekuja kushukuru."

Leonia akamtazama mumewe. Martini akatazama chini, kisha akatikisa kichwa kukubali. Leonia akaenda mlangoni, akamwona Candide. "Ingia, mwenzangu. Mbona umesimama nje kwenye nyumba ya mwanao?"

Aurore alikuwa amejificha nyuma ya sketi ya Leonia. Candide hakumkimbilia. Alipiga magoti mbele ya Leonia, akasema, "Dada, simjui tena. Nifundishe."

Leonia akamshika mkono, akamwinua. "Hapendi kichwa cha samaki. Ukimchana nywele, anza nyuma." Akapapasa kichwa cha mtoto nyuma yake. "Na anaogopa radi. Ikipiga, mzibe masikio kwa mikono yako."

"Hata mimi naiogopa," alisema Candide.

Aurore akachungulia. "Basi na mimi nitakuziba masikio yako," akasema.