Mjukuu Wangu Ameenda Kuuliza Watu wa Kigali

Siku ya kwanza kazini nilivaa sare ya akina mama wa kanisa, maana ndiyo nguo niliyokuwa nayo safi. Huko Mashimoni, mtaa wa mabanda, mlango wa kwanza tu, Mama Adhiambo aliita majirani wakaanza kuimba. Walidhani tumekuja maombi. Mratibu wetu, Madam Jerotich, akanivuta kando.

"Mama Wafula, kesho vaa leso. Hapa hatuombei mtu, tunauliza."

Kazi yangu ilikuwa uhamasishaji: kumtangulia mtafiti wa sera za afya, yule anayechunguza serikali ipange vipi zahanati na dawa, na kumtafutia ridhaa. Ridhaa ni mtu kukubali kwa hiari kabla hajaulizwa. Kutoka Mashimoni nikapelekwa Kambi Muru, kwetu ninakoishi, halafu Kawangware. Huko mwenye ploti, Mzee Njoroge, alitusimamisha kwa geti.

"Mnauliza wapangaji wangu mambo ya choo? Choo ni changu, niulizeni mimi!"

Mkurugenzi wa mradi, Dakta Omollo, akacheka, akaanza na yeye. Tukaingia.

Nekesa, mjukuu wangu, aliwaona hawa watafiti wakinywa chai kwangu, akasema naye atasomea utafiti. Nilifurahi sana. Siku hizo mradi ukiisha, mwingine unaanza. Baadaye wafadhili wakaenda zao, ofisi zikafungwa, mimi nikapumzishwa. Nekesa alikuwa na digrii zake, akakaa kwangu akingoja kazi ya kudumu, hadi Dakta Omollo mwenyewe akamwambia, "Binti, hata mimi siku hizi ni mshauri tu, natafuta kandarasi kama wewe. Ukipata nje, enda."

Akapata Kigali, miezi michache. Baada ya hapo labda Kampala, labda hakuna.

"Na watu wa hapa atawauliza nani?" nikamwambia akifunga begi.

"Shosho, hawa waliulizwa wakachoka. Wewe ulishawahi kuona mtu akiwarudishia majibu ya utafiti?"

Sikuwahi.

Juzi alipiga simu. Nikamuuliza kazi inaendaje.

"Poa tu, Shosho. Lakini nikifungua mdomo wanajua mimi ni mgeni. Wananijibu kwa adabu."

Nayajua majibu ya adabu, nimesimama kando ya mengi. Hata zahanati ikiwa tupu, mtu anasema dawa zipo, nesi ni mzuri, asante kwa kuja. Kambi Muru, wanakomjua tangu akibebwa mgongoni, wangemwambia ukweli.