Fimbo ya Mama Chifu

Nilistaafu ualimu ili nipumzike, na mpaka leo sijapumzika. Akina mama wa kanisa letu hapa Busia, upande wa Kenya, walinikalisha kitako wakaniambia kwamba wanawake waliowahi kushika kazi za serikali huku mpakani, upande wetu na ule wa Uganda, wanakufa mmoja mmoja na hakuna aliyeandika habari zao. Waume zao hata shule zimepewa majina yao. Nani ana muda? Wote wakanitazama mimi. Nikasema haya.

Sasa ni mwaka wa tatu. Magoti yananiuma, macho yananitoka machozi nikiandika, na nikimaliza habari za mmoja nasikia mwingine amezikwa. Nimechoka, jamani. Nalisema hilo mapema kwa sababu uchovu wangu una mkono katika kosa ninalotaka kulisimulia.

Mama ninayemsema anakaa Iyolwa, kule Tororo. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa kwao kuwa chifu wa gombolola, kata kwa lugha ya Uganda, na wenye umri wangu wanamkumbuka akiwakemea wanaume kwenye mikutano kwa Kiingereza, kwa Kiswahili, kwa lugha yoyote uliyokuja nayo. Halafu, miaka mingi baada ya kuacha kazi, kiharusi kikampiga. Kiingereza chake na Kiswahili chake vikaondoka, akabaki na Dhopadhola ya kwao tu, nayo kwa shida. Mimi ni Msamia. Dhopadhola siijui.

Mkalimani akawa mkwe wake, mume wa binti yake, mkulima mpole wa Mukuju. Binti mwenyewe ni muuguzi, hapatikani. Sasa, kwao kama kwetu, mkwe na mama mkwe hawaketi chumba kimoja, hata macho hayakutani. Basi mimi na mama tulikaa ndani, na mkwe akawekewa kiti nje chini ya dirisha, mgongo kaupa ukuta. Mama anasema, sauti ya mkwe inaingia dirishani kwa Kiswahili kizuri, simu yangu inarekodi. Mama alikuwa na fimbo ya kutembelea. Mara kwa mara aliigonga sakafuni, ko, ko, na mkwe alisema taratibu kwamba mama amechoka. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilifunga daftari upesi nikatafuta bodaboda.

Tuliendelea hivyo wiki nyingi, na habari zake zikatoka laini kama uji wa mgonjwa. Baba alimsomesha, mume alimruhusu kufanya kazi, watu walimpenda, akaacha uchifu kwa sababu ya ugonjwa. Niliandika yote nikashukuru kwamba huyu angalau amekwisha.

Kilichobaki kilikuwa majina ya vijiji, nilitaka kuhakikisha sikuyakosea. Nikaenda sokoni kwa rafiki yangu anayeuza vitunguu, mtu wa Tororo anayeijua Dhopadhola, nikamwekea simu sikioni. Alisikiliza huku anafunga mafungu. Mara akaacha kufunga.

"Mwalimu, huyu mama hakugonjwa," akasema. "Anasema bwana yake ndiye aliandika ile barua ya kuacha kazi. Wazee ya ukoo walisimama kwa mlango mpaka akaweka saini."

Nikamwambia arudie. Akarudia, maneno yale yale. Nikaichukua simu nikasikiliza mwenyewe, na ingawa lugha siijui, masikio ninayo. Mama anasema. Mkwe anasema ugonjwa. Kisha, ko, ko. Nikarudi nyuma, nikarudi tena. Fimbo haikugonga hata mara moja baada ya mama kusema. Ilikuwa inamfuata mkwe. Mtu aliyechoka hasubiri kutafsiriwa ndipo achoke. Lo! Kiharusi kilichukua ulimi, masikio kiliyaacha. Kiswahili chetu alikuwa anakisikia chote, anatukatalia kwa kitu pekee alichobaki nacho, na mimi najifungia daftari. Nilikaa juu ya gunia la vitunguu nikalia, na vitunguu havikuhusika.

Kesho yake nilivuka mpaka. Mkwe nilimkuta kwenye kiti chake, nikamweleza nilichosikia. Hakubisha.

"Mwalimu, mimi ni mkwe," akasema. "Aibu ya nyumba hii ningeipitishaje mdomoni mwangu?"

Nilikuwa nimekuja na hasira ya kumgombeza kama mtoto wa darasa la nne, lakini niliielewa heshima yake, nimelelewa nayo. Nilimwambia tu kwamba mama alijua fika nani amekaa chini ya dirisha, na bado alisema, maana hakuwa na mlango mwingine wa kutolea maneno hayo. Na kwamba akifa hivi, kitabu kitamzika na ugonjwa ambao hakuugua. Akainama akaangalia viatu vyake.

Niliingia ndani, nikampigia mama magoti kumsalimu, magoti haya haya mabovu. Nikafungua daftari nikamsomea kwa Kiswahili, polepole: hakuugua, barua iliandikwa na mume wake, wazee walisimama mlangoni, akatia saini. Nikamtazama. Fimbo ilikuwa imelala mapajani mwake. Hakuigusa. Alivuta pumzi ndefu, akanishika kifundo cha mkono, na mkono wake ulikuwa na nguvu kuliko nilivyodhani.

Nilitamani tuishie hapo. Mgongo ulikuwa unawaka na safari ya kurudi ni ndefu. Lakini nilirudi ukurasa wa kwanza, nikaanza upya, kwamba baba yake alimpeleka shule kwa moyo mkunjufu.

Ko, ko.

Nje, dirishani, nilimsikia mkwe akivuta kiti karibu. Hakusema mama amechoka.

"Muulize, Mwalimu," akasema. "Nitasema kama atakavyosema."

Nikatafuta kalamu.