Injini Iliyolia Korongoni

Siku ile ya ukungu naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu. Kaa hapo kwenye tairi nikusimulie. Jana uliniambia unataka kuacha ufundi, na sikukujibu kwa sababu jibu langu ni refu.

Nilikuwa binti wa miaka ishirini hivi, najifunza gereji kwa Mzee Gurdev pale mjini. Alikuwa Singasinga, mzaliwa wa hapa hapa Arusha. Kiswahili chake kilikuwa kama changu, na Kimaasai alikijua cha kusalimia na cha kugombana. Watu walikuja kunitazama, msichana wa Kiarusha ameshika spana. Yeye hakuona ajabu. Siku ya kwanza aliniambia nivue bangili, nifunge nywele, na nisiguse injini mpaka nimeisikiliza. Basi tuliwasha pikipiki za watu tukasimama tu, mikono nyuma, kama tuko ibadani. Moyoni nilisema mzee huyu ananipotezea muda.

Baba yangu mdogo, Lazaro, alikuwa mwinjilisti wa Kilutheri. Alizunguka huko magharibi mwa Mlima Meru kwa pikipiki ya Kiingereza ya zamani, yenye silinda moja, nzito kama ng'ombe aliyelala. Sisi ndio tuliokuwa tunamtengenezea. Ilikuwa na vali iliyogonga hata uifanyeje. Ukishaizoea, ulijua Baba Lazaro anakuja kabla hajatokea kwenye kona, na mama mdogo, mkewe, aliweka chai jikoni kwa kuusikia mlio ule.

Jumamosi moja alipanda kwenda kuzika upande wa Olkokola. Jumapili ibada ilianza bila yeye. Jumatatu mama mdogo akaja gereji peku, amekausha macho, akamwambia Mzee Gurdev, "Hajarudi. Na huko alikokwenda wanasema aliondoka siku ile ile."

Mzee alitupa kamba na blanketi nyuma ya pikapu, tukaondoka, mimi na yeye.

Unaujua ukungu wa huko, unavyotoka msituni na kukaa barabarani kama mifugo. Mchana ule ulikuwa mzito, hata taa za gari hazikusaidia. Tulikwenda polepole mpaka kwenye kona juu ya korongo moja refu, na hapo tukakuta watu wamesimama. Walikuwa akina mama na punda wao wa maji, pamoja na babu mmoja aliyejifunika shuka mpaka kidevuni. Hata punda walikuwa wametulia.

"Shikamoo, babu," nikasema.

"Marahaba. Geuzeni gari."

"Kuna nini?"

"Kuna pikipiki inalia chini ya ardhi. Tangu asubuhi." Akanyoosha fimbo kuelekea korongoni, bila kutazama alikoinyoosha. "Ni yule mlowezi aliyetumbukia hapa na pikipiki yake, zamani, hata mama yako hajaolewa. Mwili wake haukuonekana. Leo anatafuta wa kwenda naye."

Mzee Gurdev akazima gari. Nasi tukaisikia.

Tu, tu, tu, tu. Kimya. Kisha tena, kutoka chini kabisa ya ule weupe: tu, tu, tu. Kimya. Mama mmoja alimziba mtoto wake masikio. Nywele zilinisimama, mwanangu, na miguu yangu ilikuwa imeshageuka yenyewe kuelekea gari.

Mzee akanishika bega. "Mikono nyuma," akasema. "Unasikia nini?"

"Mzee, twende."

"Unasikia nini?"

Nikafumba macho. Nilisikiliza kama alivyonizoesha, na kwa sababu nilikuwa na kazi ya kufanya, hofu ilipungua kidogo. "Inashika, inakosa mafuta, inakufa," nikasema. "Kabla haijashika kuna chuma kinarudi. Ni kiki ya kuwashia. Mtu anapiga kiki." Halafu nikasikia kitu kingine, na machozi yakanitoka. "Na vali inagonga. Ni ya Baba Lazaro!"

"Mzimu una haja gani ya kupiga kiki?" Mzee aliwauliza wale watu, kwa upole tu. "Huko chini kuna mtu aliye hai anayetaka tumsikie. Naomba wa kushika kamba."

Walitazamana. Yule mama aliyemziba mtoto masikio akamkabidhi babu yule mtoto, akafunga khanga kiunoni, akaja. Wengine wakamfuata. Mimi na Mzee tukashuka tukiwa tumejifunga kamba, tukishika mizizi, na njia nzima ule mlio ulituongoza, ukizidi kuwa karibu. Tulipofika kwenye mawe ya chini ukanyamaza.

Baba Lazaro alikuwa ameegemea jiwe, mguu mmoja umevunjika juu ya goti, midomo imepasuka kwa kiu. Alikuwa hai. Nilimpa maji kidogo kidogo kwa kitambaa. Alipoweza kutoa sauti aliuliza, "Mmejuaje niko hapa?"

"Tumekusikia unapiga kiki, baba."

Akatikisa kichwa. "Sijapiga kiki mimi."

Mzee Gurdev alikuwa amekwisha kuifikia pikipiki. Ilikuwa imelala ubavu, hatua chache kutoka kwa Baba Lazaro. Nilimwona ameweka kiganja kwenye injini, na hakukiondoa. Nikaenda nikaweka cha kwangu. Chuma kilikuwa baridi kama jiwe la mtoni, kimeloa umande. Tangi lilikuwa limepasuka, petroli yote ilikwisha kumwagika na kukauka. Na kiki yenyewe haikuwepo. Ilikuwa imekatika kwenye mzizi wake, na mahali ilipokatika pameshaanza kuota kutu.

"Hata mimi niliisikia," Baba Lazaro akasema nyuma yetu. "Tangu asubuhi. Lakini ilikuwa huko juu barabarani. Nilifikiri kuna mtu ananipita."

Tulimfunga mguu kwa vijiti, tukamlaza kwenye blanketi, na wale akina mama wakatuvuta kwa nguvu ambazo sijaziona tena. Alipona. Alichechemea maisha yake yote, na alihubiri miaka mingi, lakini habari ya siku ile hakuwahi kuipeleka madhabahuni.

Pikipiki tulikwenda kuitoa baadaye. Mzee Gurdev aliifungua yote, nati kwa nati, akaitandaza kwenye turubai. Alitafuta kwa siku nyingi jambo la kueleza ule mlio. Sikuwahi kumwona amekaa hivyo, bisibisi mkononi. Mwisho nikamwuliza, "Mzee, tulisikia nini?"

"Sijui," akasema. "Nilisema kuna mtu anapiga kiki, na nilikosea. Lakini tungerudi na gari, Lazaro angekufa."

Nikamwuliza tena kama haogopi. Akasema anaogopa sana, na nimpe brashi ya waya.

Tuliiunda upya mimi na yeye, na ndiyo ile unayoiona imeegemea pale ukutani, ambayo vijana wa Lemara na Kimandolu huja kupiga nayo picha. Ninaiendesha mpaka Kwa Mrombo na kurudi. Siku za ukungu siiwashi. Nimewahi, siku kama hizo, kusimama mlangoni nikiwa na uhakika kwamba ninaisikia inapanda mlima, na nikigeuka iko pale pale ukutani. Hilo sina la kukueleza.

Sasa nikujibu. Umesema pikipiki za umeme zimeingia, hazina kabureta wala vali, na kitu kikifa kinatolewa chote kinawekwa kingine, kwa hiyo mimi nakufundisha mambo ya makaburini. Huenda. Sijui mjini kutakuwaje, na anayekuambia anajua anabahatisha. Nenda kajifunze za umeme, mwanangu, nami nitakusindikiza mpaka mlangoni kwa mwalimu wako mpya. Ila usiende kama mtu anayebadilisha vitu tu. Weka mkono kwenye chombo kabla hujasema kina nini. Kisikilize, hata kama kinanong'ona. Watu wote wakikimbia jambo, wewe simama kwanza uulize unasikia nini, kisha shuka ukaone, maana huenda kuna mtu huko chini. Na utakapofika ukakuta mambo siyo ulivyoyadhani, sema umekosea, usione aibu, kisha mbebe huyo mtu umpandishe.

Mungu akulinde barabarani na korongoni. Akupe masikio yanayosikia na mikono isiyochoka, na kila atakayekuita akiwa chini, akujalie umsikie mapema. Amina.