Tumbo Lililonyamaza

Kila asubuhi nesi wa wodi ya upasuaji alisugua viganja vyake mpaka vipate moto, kisha akakifumbata kifaa chake cha kusikilizia ili baridi ya Sumbawanga isimshtue mgonjwa. Minza hakumbandua macho. Mumewe, Masunga, aliletwa kutoka Kaoze utumbo ukiwa umejisokota. Kipande kikakatwa, ncha mbili zikaungwa, na sasa ilikuwa siku ya nne hajala kitu. Nesi alisikiliza pande zote za tumbo, midomo ikihesabu kimyakimya, halafu akauliza kwa sauti ileile ya kuulizia habari za nyumbani, “Baba, umejamba?”

Masunga aligeukia ukutani. “Bado.”

“Usione haya. Utumbo ukianza kazi, hewa ndiyo hutangulia.”

Siku ya tano alisikiliza muda mrefu kuliko kawaida. Alikihamisha kifaa, akakirudisha palepale. Minza alisogea karibu.

“Nesi, kuna nini?”

Nesi alikivua kifaa masikioni mwake, akamvika Minza. Mle ndani kulikuwa na mngurumo hafifu, kama maji yanayopita chini ya mawe, ukikatika na kuanza tena. Minza alikuwa bado anausikiliza pale Masunga alipojamba, wodi nzima ikasikia. Hakuna aliyecheka. Nesi aliketi ukingoni mwa kitanda, akafuta macho kwa mkono wa sweta.

“Mpikie uji mwepesi, mama,” alisema. “Kwanza vijiko viwili tu.”