Aliyebusu Banda la Mbuzi

Juzi nilipita Mji wa Kale, nikaona watalii wakipiga picha mlango mkuukuu wa nakshi. Nikamkumbuka nyanya yangu, na yule mzungu aliyekuja kwetu alasiri moja, miaka ya tisini.

Alikuwa mzee. Alikuwa ametoka Kipini, mdomoni mwa Mto Tana, akizuru miji aliyowahi kutawala baba yake enzi za ukoloni. Mwongozaji aliyefuatana naye alimtajia nyanya jina la baba huyo, akamuuliza nyumba yake ilikuwa wapi. Nyanya akavaa buibui lake.

"Haya, nifuateni," akasema kwa adabu.

Akatupitisha vichochoroni hadi kwenye banda la jirani, lenye kuta za chokaa na uvundo wa mikojo ya mbuzi.

"Mwambie babake alikaa hapa."

Mzungu akavua kofia, akaubusu ukuta. Machozi yakamtiririka, nilidhani ni ya uvundo ule.

"Nyanya, mbona hapa ni..."

Akanifinya. Nikaamini uzee umemsahaulisha.

Kumbe hakuwa amesahau kitu. Mzungu alipokwenda zake na kipande cha chokaa kitambaani, nyanya alinieleza kwamba mtawala yule alimlaza baba wa nyanya chini mbele ya watu, akamchapa viboko kwa kuwa hakumwamkia. Nyanya alikuwapo, mdogo kuliko mimi siku ile.

"Basi sasa umemsamehe?" nikauliza.

"La, sijamsamehe." Akaketi, akanyoosha miguu. "Lakini niletee chai, mwanangu. Leo itashuka."