Darasa Lililoona Pinki Kwenye Maji

Nimewahi kuona darasa zima la watu wenye akili timamu likiona rangi ambayo haikuwepo.

Sikuwa nimekunywa kitu, na sikuwa naota. Ilikuwa asubuhi kweupe, na mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wao wa kemia.

Ngoja niwape mkasa wenyewe, maana umenikaa kooni miaka yote hii.

Shule yetu ilikuwa ya kawaida tu. Maabara yenyewe zamani ilikuwa stoo ya madawati. Sinki moja lilikuwa halitoi maji, la pili halifungi. Lakini ile kazi niliipenda, jamani. Na kuna kitu kimoja niliwaimbia wale watoto mpaka wakanichoka: "Andika unachokiona. Usiandike unachotaka kukiona."

Wengi walinicheka. Mmoja alinisikia.

Huyo tulimwita Kwanini. Binti mwembamba, mpole, ila ukisema maji yanachemka lazima akuulize kwa nini. Mama yake alifariki bila mtu yeyote kujua alikuwa anaumwa nini, na tangu hapo mtoto alikuwa na ndoto moja tu: kupima magonjwa hospitalini.

Alikuwa analelewa na shangazi yake, fundi cherehani. Shangazi alishamwambia bila kuzunguka: "Ukifaulu sayansi, nitajibana usome. Ukifeli, cherehani ya pili ile pale."

Mwenzake mmoja tulimwita Kasuku. Kijana alikariri kitabu mpaka makosa ya uchapishaji. Hakuna siku aliyowahi kuniuliza swali. Mkuu wa shule alimpenda kufa.

Sasa, kwa asiyejua, mtihani wa vitendo uko hivi. Mwanafunzi anadondosha besi kutoka kwenye mrija wenye vipimo na kibomba, inaingia kwenye chupa yenye asidi, tone kwa tone. Kwenye ile asidi kuna matone ya dawa inayoitwa kiashiria. Haina rangi, ukiiangalia utasema ni maji. Besi ikitosha, chupa nzima inageuka pinki. Hapo unasimama, unasoma kipimo.

Siku moja kabla, mwalimu analifanya jaribio hilohilo, na jibu lake linafungwa kwenye bahasha. Wasahihishaji wanalinganisha majibu ya watoto na hilo.

Nikafanya. Pinki ikaja, safi kabisa. Ishirini na tatu nukta tano. Nikasaini, nikamkabidhi Mkuu, nikaenda kulala nikiwa na amani.

Nilipoondoka, Mkuu akafanya mambo yake mawili, ambayo nilikuja kuyajua baadaye.

Kwanza, alimpenyezea Kasuku lile jibu langu ili awagawie wenzake. Pili, kile kiashiria akakimimina chote, akampelekea rafiki yake mwenye shule iliyoishiwa kiashiria. Chupa yetu akaijaza maji ya bomba ili isionekane tupu. Mkuu alisomea historia. Kwake yeye, dawa isiyo na rangi na maji ni baba mmoja mama mmoja.

Asubuhi mtihani ukaanza. Msimamizi alitoka shule nyingine, mimi nikawekwa kwenye kona nisaidie vifaa vikivunjika.

Nikaona watoto wanadondosha. Wanadondosha. Wanafunga bomba. Wanaandika.

Nikaangalia chupa ya mbele. Nyeupe. Ya pembeni, nyeupe. Nikakodoa macho meza zote. Hakuna pinki hata ya dawa, na kalamu zinatembea kama kawaida! Kasuku alikuwa ameshamaliza, amekunja mikono, anatabasamu.

Nikainuka kwenye kona yangu.

Mkono mmoja ukanyooka. Kwanini.

"Samahani, yangu haibadiliki rangi. Nimeongeza besi mpaka imeisha."

Msimamizi hakuinua hata kichwa. "Wenzako wote imebadilika. Kaa chini, andika."

Binti akanitazama. Macho yake yalikuwa yanauliza swali lake lilelile la kila siku.

Nikamfuata msimamizi. "Hii chupa ina tatizo. Mtihani usimame." Akaniambia nikiongea tena atanitoa nje.

Nikatoka mwenyewe, mbio mpaka ofisini.

"Mkuu, kiashiria kimekuwa maji!"

Akakunywa chai yake taratibu. "Nani kalalamika?"

"Kwanini."

"Peke yake?"

"Ndiyo, lakini..."

"Basi wengi wameona pinki, mwalimu. Wewe ni nani uwapinge?"

Aisee, nilitamani ile chai nimwagie. Niliporudi, muda ulikuwa umekwisha. Nikachungulia jibu la binti kabla halijakusanywa: *Hakuna badiliko la rangi.* Aliandika alichokiona, kama nilivyomfundisha.

Niliripoti kila ofisi iliyokuwa na mlango. Nilichopata ni uhamisho.

Matokeo yalipotoka, darasa lilikuwa limefaulu kemia kwa kishindo. Mkuu akapewa ngao. Aliyeanguka ni mmoja tu, na kilichomwangusha ni jibu langu, kwa saini yangu.

Nilienda kwa shangazi yake kuwaeleza. Binti alikuwa ameshakaa kwenye cherehani ya pili. Hakulia. Aliniuliza swali moja tu.

"Mwalimu, kwa nini hukunifundisha kudanganya mapema?"

Nikaaga, nikaondoka na swali lake.

Miaka ikapita. Nikaacha kufundisha, nikafungua duka la vifaa vya umeme. Nikadhani yameisha.

Kisha mama yangu akaanza kukohoa. Dada yangu akawa anampeleka hospitali ya karibu na kwake, wanapima makohozi, wanasema hakuna kitu. Wanampa dawa ya kikohozi, anarudi. Akapungua mpaka pete ikawa inamtoka kidoleni. Nikasema hapana, safari hii nampeleka mimi.

Tukatoa makohozi. Hatujakaa vizuri kwenye benchi, majibu haya hapa.

"Shikamoo, mwalimu wangu!"

Koti jeupe, tabasamu lilelile. Kasuku.

"Marahaba. Kumbe wewe ndiye unampima mama siku zote hizi?"

"Mimi mwenyewe! Mama yetu yuko safi, mwalimu."

Nikachungulia nyuma yake. Hadubini ilikuwa imefunikwa kitambaa, na juu ya kitambaa pana vumbi la kuandikia jina.

"Umeangalia na nini?"

Akacheka, akashusha sauti kama tunaambiana siri ya nyumbani. "Mwalimu, ile ilishakufa zamani. Kikohozi cha wazee kinajulikana tu, majibu yake ni yaleyale." Kisha akanyoosha kola yake kwa furaha. "Umeona koti? Kalishona Kwanini. Unamkumbuka? Ana kibanda hapo nje ya geti."

Lilikuwa limeshonwa vizuri sana. Mshono umenyooka, hakuna uzi uliochomoza.

Nikamshika mama mkono tukaondoka.

"Mwanangu," akaniuliza mlangoni, "wameona nini?"

"Hawajaangalia, mama."

Hospitali ya pili waliangalia. Kifua kikuu. Daktari akasema kilikuwepo muda mrefu, kingeonekana tangu kipimo cha kwanza. Mama alianza dawa akiwa amebaki mifupa. Hakufika nazo mbali. Tulimzika.

Na wewe mzazi unayefurahia shule kwa sababu inafaulisha, siku moja muulize mwanao aliona rangi gani. Akisita, usimgombeze. Wale walioona pinki bila kusita wameajiriwa, wana makoti meupe, na kesho ni zamu yako kukaa kwenye benchi.