Mtu Muhimu wa Ghala la Jibini

Nicolaus hakupenda jibini. Hilo tulijue mapema, maana mtu huyu ameharibiwa maisha na kitu ambacho hata kukionja hataki. Miaka na miaka alifanya kazi kwenye ghala moja la Malton, huko Kanada, jirani na uwanja wa ndege, akipokea madonge makubwa ya jibini kutoka Uingereza, akiyapanga, akiyageuza, akiyakata na kuyafunga. Jioni akirudi Brampton, kwenye vyumba vya chini walivyopanga, mkewe Clara alimpokea mlangoni kwa maneno yale yale: "Vua hapo hapo, baba, unanuka maziwa yaliyosahaulika." Kwao Bukoba maziwa hunywewa. Hayaachwi makusudi yaoze, halafu watu wakauziana kwa bei ya nyama ya sikukuu. Lakini kazi ni kazi, na Nicolaus aliijua yake.

Kabla ya korona alikuwa mtu wa mzaha. Korona ndiyo iliyomgeuza. Aprili ile dunia ilipojifungia, baba yake alifariki, na Nicolaus ndiye mtoto wa kwanza wa kiume. Kwao hiyo si sifa ya kujitapia tu, ni kazi: yeye ndiye hutupa udongo wa kwanza kaburini, wengine wakafuata. Akatafuta ndege. Hakuna. Akapiga simu huku na huku, akaambiwa mipaka imefungwa, baki nyumbani, jilinde. Akazika kwa simu. Mdogo wake Otilia alimshikia simu migombani, mtandao ukakatikakatika, na alichoona ni miguu ya watu na jani moja la mgomba. Udongo wa kwanza ukatupwa na binamu.

Mama yake aliongea naye jioni ile. Hakulia. Alisema, "Baba yako umemkosa, si kosa lako. Mimi usinikose." Nicolaus akaapa kwa Mungu na kwa maziwa ya mama huyo huyo kwamba hatamkosa.

Sasa kinachokera ni hiki. Siku zile zile alizoambiwa abaki nyumbani, hakubaki nyumbani hata siku moja. Bwana Sam, mwenye kampuni, alibandika bango kwenye mlango wa ghala: hapa wanafanya kazi watu muhimu. Akawaletea pitsa. Watu muhimu! Kumzika baba si muhimu, ila mzungu wa mtaa fulani akikosa jibini la kuweka juu ya biskuti, nchi itaanguka. Nicolaus alipanda basi na barakoa yake kila alfajiri, mtu akikohoa wanamtazama kama mwizi, akaenda kuokoa taifa.

Kanisa lilipofunguliwa, hapo ndipo watu walipomjua. Baada ya misa ya Kiswahili, kwenye chai, ungemsikia kabla hujamwona. Rafiki yake Erick, mtu wa benki, alikuwa na maoni ya ustaarabu: kufunga kuliokoa watu, tushukuru, bora usalama.

"Usalama wa nani?" Nicolaus akauliza. "Wewe ulikuwa kitandani na kompyuta yako, suruali ya kulalia chini, shati la ofisini juu. Mkate ulikuja wenyewe mlangoni?"

"Ndugu yangu, watu walikuwa wanakufa."

"Na baba yangu hakufa? Alifanya nini, alisafiri?"

Watu wakacheka, Erick naye akacheka, lakini Nicolaus hakuwa anacheka. Serikali ilimnyima kumzika baba yake. Aliisema Jumapili, akaisema kwenye harusi, akaisema kwenye ubatizo wa mtoto wa watu mpaka Clara akamfinya chini ya meza. Tumpe haki yake: lilikuwa dai la kweli. Hakuna aliyeweza kumjibu, na mtu mwenye dai lisilo na jibu hulipenda dai lake, hulilea.

Haya. Ikaja ile ngoma nyingine, ya Waingereza kujitoa Ulaya. Nicolaus alikuwa ameifuata tangu mwanzo kama mtu anayefuata ligi. Wakati wa mapumziko alimweleza Inès, mama wa Kikongo aliyefunga naye mizigo meza moja, kwamba Waingereza wamesusa shughuli ya ukoo na sasa wanazunguka nje wakinusa pilau. Inès hakuwa na habari nao. "Ile ni palabre, maneno ya bazungu," alisema, "sisi tunafunga fromage, tunaenda kwetu." Nicolaus akamcheka kwamba hasomi dunia.

Kumbe dunia ilikuwa inawasoma wao. Jibini la Uingereza lilikuwa bado linaingia Kanada kwa masharti ya zamani, ya wakati ule Waingereza wakiwa ndani ya Ulaya. Ilikuwa ahueni ya muda, na muda wenyewe ulikuwa unaisha na mwaka 2023. Nchi mbili zilikuwa mezani, zinavutana. Wasipoelewana, ushuru utakaopigwa utamfanya mteja ashike moyo. Leo tunasikia wataelewana, kesho hawaelewani, keshokutwa waziri fulani ana matumaini. Bwana Sam hakulala. Aliamua kuleta jibini lote atakaloweza kabla ya mwaka kuisha, akajaza ghala mpaka pa kupita pakawa pa kupitia ubavu.

Na mwezi wa kumi na moja wa mwaka huo huo, Otilia akapiga simu. Mama amelazwa. Figo.

Nicolaus akakata tiketi siku hiyo hiyo. Hakuna mpaka uliofungwa, hakuna kupimwa pua, ndege zinapaa na kutua juu ya paa la ghala siku nzima. Akaenda kumuaga Bwana Sam.

Sam si mtu mbaya, na afadhali angekuwa mbaya. Alimshika bega. Alisema anamwonea huruma, kwamba naye alimpoteza mama yake. Halafu akasema, "Nic, ukiondoka sasa nimekwisha. Hakuna mwingine anayejua kulitunza jibini hili. Nivushe mwaka tu. Januari nenda, kaa unavyotaka, na ukirudi wewe ndiye msimamizi wa ghala zima. Wewe ndiye mtu muhimu hapa."

Neno lile lile! Na safari hii, jamani, lilimwingia. Mtu ambaye alilitukana neno hilo miaka mitatu, alilisikia likitamkwa kwake peke yake, na mkono begani, akalainika. Msimamizi. Angewaambia nini kina Erick? Tena akajiambia si kwa ajili ya sifa, ni kwa ajili ya familia.

Clara hakumung'unya maneno. "Nenda, Nicolaus. Kazi utapata nyingine. Mama ni mmoja."

"Wiki chache tu. Daktari anasema ametulia."

"Daktari huyo ndiye uliyemwahidi, au mama yako?"

"Unadhani mimi sina uchungu?"

"Unao," Clara alisema. "Ila umeuweka Januari."

Hawakusemeshana siku mbili. Nicolaus akasogeza tiketi mbele, kisha akampigia mama. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini akili timamu. Akamwelezea habari za ghala na mwisho wa mwaka. Waingereza hakuwataja, angeanzia wapi? Mama akasema, "Kama kazi ndiyo imekubana, maliza uje. Nitakungoja." Wazazi wa kwetu ndivyo walivyo, watakufa huku wanakuondolea lawama. Nicolaus akashukuru, akakata simu, akaenda kugeuza jibini.

Mama hakungoja. Alifariki katikati ya Desemba, jioni ya huko, Nicolaus akiwa kazini, barafu miguuni, kontena likiwa mlangoni. Simu ya Otilia ilipomfikia, alimalizia kwanza kulishusha. Inès ndiye aliyemwona amekaa sakafuni kati ya rafu, akamkumbatia bila kuuliza, kisha akamwambia aende nyumbani. Hakwenda. Ndege ya kumfikisha kabla ya mazishi haikupatikana tena, watu wote wanasafiri Krismasi, na hilo alilirudia kama mtu anayejitetea mahakamani, ingawa hakuna aliyemshtaki. Alizika kwa simu mara ya pili. Mtandao safari hii ulikuwa mzuri. Aliona kila kitu.

Mwaka ukaisha, makubaliano hayakuja. Wiki ya pili ya Januari Bwana Sam akamwita ofisini, akafunga mlango, macho mekundu. Jibini lililomo ghalani litauzwa, likiisha basi, hataagiza tena. Kazi zilizobaki ni za biskuti na majani ya chai, na hizo yeyote anaweza kuzifunga, kwa hiyo Nicolaus hahitajiki tena. Alisema samahani mara nyingi sana. Akamkabidhi donge zima la jibini la bei kubwa, limefungwa vizuri, ampelekee mke wake. Nicolaus alilipokea kwa mikono miwili kama alivyofundishwa nyumbani, akasema asante, na kituoni alipokumbuka kwamba alisema asante, akalirusha kwenye pipa la taka kwa nguvu zake zote mpaka abiria wakamkimbia.

Usiku ule hakuongea na Clara, na Clara kwa mara ya kwanza hakusema, nilikuambia. Alimwekea chakula tu. Nicolaus akachukua simu, akampigia Otilia. Kwao kulikuwa kumekucha.

"Nakuja, Oti," alisema. "Sasa nina nafasi. Nitawahi arobaini ya mama. Nitakaa kaburini pale mpaka aniambie amenisamehe."

Jogoo aliwika nyuma ya Otilia.

"Kaka, usije kwanza."

"Nisije? Unasema nini wewe?"

"Siku ya mazishi uliuliziwa. Shangazi alisimama pale kaburini akauliza kwa sauti, watu wote wanasikia: mtoto wa kwanza yuko wapi? Ningejibu nini, kaka? Kwamba uko kwenye jibini?" Akavuta pumzi. "Nikasema huko wamefunga tena. Nikasema korona imerudi kwenu, ndege hakuna, kama wakati wa baba. Waliamini. Walikulilia, kaka. Shangazi alisema masikini mtoto huyu, amefungiwa mara mbili. Padri akakuombea."

Nicolaus akaihamishia simu sikio la pili.

"Sasa ukishuka hapa na mabegi, wataniuliza wamefungua lini," Otilia alisema taratibu. "Ngoja kidogo. Arobaini ipite. Nikiona watu wamesahau, nitawaambia wamefungua."